Sura ya Tano: Uhaba wa Wati na Sumaku za Kolwezi

Mabishano ya wapenzi wa vyombo vya muziki vya zamani, yaani spika, amplifaya na mashine za santuri zilizotengenezwa takriban kati ya mwaka 1945 na 1980, mara nyingi huanzia kwenye swali la chombo kipi ni bora kuliko kingine, na huishia papo hapo yalipoanzia, kwa kuwa swali lenyewe limekwisha kukiondoa chombo mahali pake. Spika ya mwaka 1950 haikubuniwa isikilizwe peke yake, wala haikubuniwa iunganishwe na amplifaya yoyote itakayopatikana miaka 50 baadaye. Ilibuniwa na watu waliojua amplifaya za wakati wao zinatoa wati ngapi, sumaku zinauzwaje, na mifereji ya santuri za siku hizo imebeba sauti ya namna gani. Inavyoonekana katika historia yao, vyombo hivi vitatu vilitengenezana: udhaifu wa kimoja ndio ulioamua umbo la kingine, na kila mara kimojawapo kilipobadilika, viwili vilivyobaki vililazimika kubadilika pia. Kwa hiyo anayetaka kuvihukumu kwa haki hana budi kuanza na kitu kilichokuwa adimu kuliko vyote katika enzi hiyo, nacho ni wati.

Wati ni kipimo cha nguvu, na kazi ya amplifaya ni kuipokea ishara ndogo mno ya umeme itokayo kwenye sindano ya mashine ya santuri na kuikuza hadi iweze kuisukuma koni ya spika. Kabla ya transista, kazi hiyo ilifanywa na vali, yaani chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambamo chuma kilichopashwa moto humwaga elektroni kuelekea kwenye bamba lenye volti nyingi, huku wavu wa waya uliopo katikati ukiupunguza au kuuongeza mmiminiko huo kwa kufuata muziki. Vali ya 300B iliyotengenezwa na Western Electric ya Marekani katika miaka ya 1930, ambayo mpaka leo ina wafuasi wengi, hasa Japani, hutoa takriban wati 8 ikifanya kazi peke yake. Amplifaya ambayo D. T. N. Williamson aliuchapisha mchoro wake katika jarida la Wireless World la Uingereza mwaka 1947, na ambayo mafundi wa majumbani katika nchi nyingi waliijenga kwa mikono yao, ilitoa wati 15. Quad II, iliyotolewa mwaka 1953 na kampuni ya Peter Walker katika mji wa Huntingdon, nayo ilitoa wati hizo hizo. Zote mbili zilitumia jozi ya vali za KT66, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, pamoja na mrejesho hasi, mbinu iliyobuniwa na Harold Black wa maabara za Bell mwaka 1927, ambamo sehemu ya ishara inayotoka hurudishwa mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ili makosa ya amplifaya yafutwe na amplifaya yenyewe. Usafi wa sauti ulipatikana, na kwa vipimo vya wakati huo ulikuwa usafi wa ajabu, lakini wati hazikuongezeka.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kutazama namna spika inavyopimwa. Wepesi wa spika ni kiwango cha sauti, kwa desibeli, kinachosikika umbali wa mita 1 baada ya kuilisha spika hiyo wati 1, na katika hesabu ya desibeli kila ongezeko la 3 hudai wati maradufu, na kila ongezeko la 10 hudai wati mara kumi. Klipschorn, spika kubwa ya honi ambayo Paul Klipsch alianza kuitengeneza katika mji wa Hope, Arkansas, mwaka 1946, na ambayo huwekwa pembeni mwa chumba ili kuta zenyewe ziwe sehemu ya honi, ina wepesi unaokaribia desibeli 105. LS3/5a, kijisanduku kilichobuniwa na BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo fundi hukaa karibu sana na spika na nafasi ni finyu, ina takriban desibeli 83. Tofauti hiyo ya desibeli 22 maana yake ni kwamba sauti ambayo Klipschorn huitoa kwa wati 1, LS3/5a ingeitoa kwa wati zaidi ya 150, wati ambazo kijisanduku hicho hakiwezi hata kuzistahimili. Msikilizaji anayezilinganisha spika hizi kwa amplifaya ileile ya wati 8, kisha akatangaza kwamba ya BBC haina uhai, amepima amplifaya yake na kudhani amepima spika.

Palipokuwa na wati 10 au 15 tu, basi, spika zililazimika kuwa nyepesi, na wepesi ulipatikana kwa njia chache tu: sanduku kubwa, koni pana ya karatasi isiyo nzito, honi panapowezekana, na juu ya yote sumaku yenye nguvu. Spika ya aina inayotumika mpaka leo, ambayo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walieleza kanuni zake mwaka 1925, ina koili ya waya iliyoshikamana na koni na kuning'inia ndani ya upenyo mwembamba wenye usumaku mkali, ambapo mkondo wa muziki ukipita kwenye waya, koili husukumwa mbele na nyuma. Kadiri usumaku ndani ya upenyo unavyokuwa mkali, ndivyo wati chache zinavyofanya kazi kubwa. Mwanzoni hakukuwa na sumaku ya kudumu iliyotosha, hata spika nyingi za redio na za majumba ya sinema za miaka ya 1930 zikatumia sumaku ya umeme, yaani koili kubwa iliyohitaji kulishwa umeme wake muda wote. Kilichoiondoa adha hiyo ni alniko, aloi ya chuma, alumini, nikeli na kobalti, iliyotokana na kazi ya Mjapani Tokushichi Mishima mwaka 1931 na kuendelezwa na wengine, ambayo katika aina yake iliyotumika zaidi kwenye spika kobalti hufikia takriban robo ya uzito. Spika nyingi zinazogombaniwa leo kwa bei kubwa, zikiwemo Altec za majumba ya sinema, JBL za inchi 15 na Tannoy Dual Concentric, ambayo tangu mwaka 1947 huweka spika ya sauti nyembamba katikati ya ile ya sauti nene, zilijengwa juu ya kipande cha alniko.

Hapa ndipo habari hii inapoingia katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili. Kobalti haichimbwi kwa wingi peke yake. Kwa kawaida hutoka pamoja na shaba au nikeli, na muuzaji wake mkubwa kuliko wote duniani katika enzi ya alniko alikuwa Kongo, kutoka migodi ya Katanga iliyosimamiwa na Union Minière mpaka serikali ilipoitaifisha mwaka 1967 na kuundwa kampuni ya umma ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Likasi na Kolwezi ni miji iliyokuzwa na migodi hiyo, na lugha ya sokoni na kazini huko ni Kiswahili cha Katanga. Ni katika mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville wakati huo, ambako Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, na gitaa lake likasambaa kwa santuri hadi Afrika Mashariki. Vitabu vya historia ya vyombo vya muziki huitaja Katanga kama chanzo cha madini, vikiitaja kabisa, na haviutaji muziki wake. Jambo hilo ni pungufu, kwa sababu eneo lile lile lilichangia vitu viwili katika dunia ya santuri, yaani muziki uliokuwa kwenye mfereji na metali iliyokuwa nyuma ya koni.

Njia ya pili ya kuushughulikia uhaba wa wati ilikuwa kuukataa. Mwaka 1954, katika mji wa Cambridge, Massachusetts, Edgar Villchur akishirikiana na Henry Kloss alitoa AR-1, spika iliyowekwa katika sanduku dogo lililozibwa kabisa, ambamo hewa iliyofungiwa ndani ilifanya kazi ya springi. Katika spika za kawaida koni ilirudishwa mahali pake na ukingo mgumu uliokwenda sawa kwenye miendo mifupi na kupotosha sauti kwenye miendo mirefu. Villchur aliulegeza ukingo huo mno, akaiachia hewa kazi ya kurudisha koni, kwa kuwa springi ya hewa hubadilika kwa ulinganifu zaidi. Matokeo yake ni besi ya kina na safi kutoka kwenye sanduku linalotosha juu ya rafu ya vitabu. Kampuni yake, Acoustic Research, iliandaa maonyesho ambayo wanamuziki wa Fine Arts Quartet walicheza jukwaani na kupokezana na rekodi yao wenyewe iliyopigwa kwa spika za AR-3, na wasikilizaji wengi walishindwa kutambua muziki hai ulikoma wapi. Gharama ya ufanisi huo ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kubwa: wepesi ulishuka sana, na amplifaya za wati 15 zikawa hazitoshi tena.

Bahati iliyompata Villchur ni kwamba wakati ulikuwa upande wake. Santuri za stirio, zenye sauti mbili katika mfereji mmoja kwa mpango ambao Alan Blumlein wa EMI aliuandikia hataza mwaka 1931, ziliingia madukani mwaka 1958, na familia iliyokuwa tayari kuvumilia kabati moja kubwa sebuleni haikuwa tayari kuvumilia mawili. Masanduku madogo yakashinda, na wati zikafuata. Dynaco Stereo 70 ya mwaka 1959, iliyouzwa pia ikiwa vipande ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe, ilitoa wati 35 kwa kila upande. McIntosh MC275 ya mwaka 1961, ikiwa bado ni ya vali, ilitoa 75. Kisha transista ikalivunja lango: Phase Linear 700 ya mwaka 1971 ilitoa wati 350 kwa kila upande, na watengenezaji wakazitangaza wati kwa namna zilizotia shaka kiasi kwamba mwaka 1974 serikali ya Marekani iliweka kanuni ya namna ya kuzipima na kuzitangaza. Mwaka 1978 Pioneer ilitoa SX-1980, redio na amplifaya katika kabati moja, yenye wati 270 kwa kila upande. Katika muda wa miaka 25 kile kilichokuwa adimu kuliko vyote kilikuwa kimekuwa rahisi kuliko vyote.

Besi ya kina iliyoletwa na spika za Villchur ilifichua jambo ambalo spika za zamani zilikuwa zikilisitiri, nalo ni mngurumo wa mashine za santuri. Garrard 301, iliyotengenezwa mjini Swindon tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutumiwa na vituo vya redio, ina mota yenye nguvu ambayo hugusana na gurudumu dogo la raba, na gurudumu hilo hugusa ukingo wa ndani wa sinia linaloibeba santuri. Mpangilio huo hulifikisha sinia kwenye mwendo wake upesi na kulishikilia hapo bila kusitasita hata sindano inapoburuzwa na mfereji wenye sauti kubwa, ila pia huusafirisha mtikisiko wa mota hadi kwenye sindano. Ubaya huo huzidishwa na kanuni ya santuri zenyewe, kwa kuwa kwa mujibu wa mkunjo wa RIAA uliokubaliwa mwaka 1954 besi hupunguzwa wakati wa kuchonga mfereji ili usiwe mpana kupita kiasi, kisha amplifaya huirudisha wakati wa kucheza kwa kuiongeza karibu desibeli 20 chini kabisa, na mngurumo wowote unaotoka kwenye mota huongezwa pamoja nayo. Koni zenye ukingo mgumu za mwaka 1950 hazikuweza kuutoa mngurumo huo, lakini AR-3 iliweza. Ndiyo sababu Villchur mwenyewe alitengeneza mashine ya santuri mwaka 1961, ambamo sinia na mkono wa sindano vimefungwa kwenye fremu moja inayoning'inia kwa springi laini, na mota iliyobaki nje ya fremu hulizungusha sinia kwa mkanda wa raba. Thorens TD 150 ya Uswisi na Linn Sondek ya Glasgow ziliifuata njia hiyo, wakati Technics ya Japani, kwa SP-10 ya mwaka 1970, ilipita njia nyingine kabisa kwa kuigeuza mota kuwa mhimili wa sinia lenyewe.

Wanaoirudia Garrard 301 leo na kuijengea kitako kizito cha mbao au cha mawe kwa kawaida ni wale wale wanaosikiliza kwa spika za honi na vali chache, na kuna mantiki katika hilo zaidi ya mapenzi ya vitu vya kale: mpangilio wao unarudisha pamoja vitu vilivyozoeana tangu mwanzo. Mtu anayeiweka Garrard isiyofanyiwa ukarabati mbele ya spika yenye besi ya kina atalalamikia mngurumo, na malalamiko yake yatakuwa ya haki, lakini hayatakuwa hukumu juu ya Garrard peke yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa kuzoeana huko ni spika ya Quad ya mwaka 1957, ambayo haina sumaku hata kidogo. Peter Walker alichukua utando mwembamba wa plastiki, akauchaji kwa volti 6,000 katika sehemu ya besi na 1,500 katika sehemu ya sauti nyembamba, akauweka kati ya mabamba mawili yenye matundu, na ishara ya muziki inayopelekwa kwenye mabamba huuvuta na kuusukuma utando wote kwa pamoja. Kwa sauti ya binadamu na ya fidla, uwazi wa spika hii bado una uwezo wa kuziaibisha spika nyingi za leo, na ndiyo maana iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Mipaka yake, hata hivyo, ilikatwa kwa kipimo cha amplifaya ya nyumba ile ile: wati 15 za Quad II zilikuwa takriban kiwango cha juu ambacho utando ungestahimili, na wamiliki walioziunganisha baadaye na amplifaya kubwa za transista walisikia cheche zikiutoboa utando. Mafundi wanaozikarabati hukutana na matundu hayo mpaka sasa, madogo, yenye kingo nyeusi.

Sumaku za alniko, kwa upande wake, zilipata pigo lao huko huko zilikotoka kobalti: mwezi Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi wa Kikongo waliokuwa na ngome Angola, waliiteka Kolwezi. Watu wengi, Wakongo na wageni, waliuawa. Askari wa Ufaransa walishuka kwa parachuti, wa Ubelgiji wakafika kuwahamisha raia wa kigeni, na mafundi wa migodi wakaondoka kwa wingi. Uzalishaji haukusimama kwa muda mrefu, ila hofu ilitosha kufanya kile ambacho upungufu haukukifanya: bei ya kobalti ilipanda mara kadhaa, na watengenezaji wa spika, ambao tayari walikuwa wakiiona alniko kuwa ghali, waliharakisha kuhamia feraiti, sumaku ya kauri iliyotokana na oksidi ya chuma ambayo Philips ya Uholanzi ilikuwa imeiendeleza tangu miaka ya 1950. Kwa JBL badiliko hilo linaonekana hata kwenye nambari: spika ya besi ya 2231A ni ya alniko, na 2231H ni ndugu yake wa feraiti.

Tangu hapo wapenzi wamegawanyika, upande mmoja ukisema kwamba alniko ina joto na uhalisi ambao feraiti haikuurithi, mwingine ukisema kwamba sumaku ni sumaku mradi usumaku katika upenyo ulingane. Upande wa kwanza una msingi wa kifizikia, ingawa ni mwembamba kuliko unavyodaiwa. Mkondo mkubwa wa muziki unapopita kwenye koili huzalisha usumaku wake wenyewe, ambao huuyumbisha ule wa kudumu na kuongeza upotoshaji. Alniko hupitisha umeme, na mikondo midogo inayozaliwa ndani yake huupinga uyumbaji huo, ilhali feraiti haipitishi umeme na haina kinga hiyo. JBL ililitambua tatizo, ikalitibu kwa kuichonga upya nguzo ya katikati na kuivisha pete ya alumini inayofanya kazi ambayo alniko iliifanya bila kuombwa, na spika za feraiti zilizotengenezwa kwa uangalifu huo zilipimwa kuwa na upotoshaji mdogo hata kuliko zilizotangulia. Tatizo lilibaki kwenye zile zilizobadilishiwa sumaku bila tiba hiyo.

Zaidi ya hayo, ulinganisho unaofanywa masikioni mara nyingi hauhusu sumaku. Tannoy Monitor Gold, inayosifiwa kuwa kilele cha alniko, ina ukingo wa karatasi iliyokunjwa na koni nyepesi. Mrithi wake wa mwaka 1974, HPD, alibaki na alniko lakini akapewa koni iliyoongezewa mbavu kwa nyuma na ukingo wa sponji. Feraiti ilifuata miaka michache baadaye. Msikilizaji anayelinganisha Gold na Tannoy ya feraiti kisha akailaumu sumaku ameruka koni na ukingo vilivyobadilika katikati, na jaribio lenye maana zaidi, la kulinganisha Gold na HPD ambazo zote ni za alniko, huonyesha jinsi tofauti nyingi zilivyokuwapo tayari kabla ya Kolwezi kutajwa kwenye habari.

Kuna jambo moja la ufundi linalowapasa wanunuzi wa spika za alniko kulifahamu kabla ya kuingia kwenye ubishi wowote. Alniko hupoteza sehemu ya usumaku wake kirahisi kuliko feraiti, iwe kwa kupigwa na mikondo mikubwa ya amplifaya ambayo spika haikubuniwa kwa ajili yake, au kwa kufunguliwa na fundi asiyejua kwamba sumaku hiyo haipaswi kutenganishwa na chuma kinachoizunguka. Spika iliyopoteza usumaku hushuka wepesi kidogo na besi yake hulegea, na ulegevu huo baadhi ya wasikilizaji huuita joto. Fundi mwenye kifaa cha kupima usumaku, au hata mwenye kipimo cha desibeli tu, hulinganisha spika mbili za jozi, na moja ikionekana kuwa chini ya mwenzake, huipeleka kwenye mashine ya kuirudishia usumaku, kazi isiyochukua zaidi ya pigo moja la umeme. Ukingo wa sponji wa HPD, ambao huoza na kumeguka ndani ya miaka ipatayo 20, hubadilishwa kwa gundi na subira. Kapasita za elektrolaiti, zinazokauka ndani ya amplifaya na katika vichujio vya baadhi ya spika, hubadilishwa zote kwa pamoja, pande zote mbili siku moja, kwa sababu upande mmoja ukitengenezwa na mwingine ukaachwa, picha ya stirio huvutwa upande mmoja na msikilizaji huanza kutafuta kosa kwenye sindano.